Peres Nanyama na Minazi ya Mwinjeni

Leo, Ijumaa tarehe 27 Novemba 2009, Bi Peres Nanyama anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya umeme kwa miaka ishirini na minane. Hakuna aliyebaki katika jengo hili aliyekaa muda mrefu kuliko yeye, ukiondoa lifti, na lifti yenyewe haifanyi kazi.

Kamati ya Ustawi iliniomba mimi, Sammy Nzomo wa chumba cha ramani, niandike wasifu wake katika jarida letu. Nikaambiwa uwe mfupi, uwe wa kuchangamsha, na usomwe kabla ya keki kukatwa. Nimejitahidi kwenye ufupi. Kwenye kuchangamsha mtanisamehe, kwa sababu nimeandika mwanzo Jumatatu na mwisho jana, na kati ya siku hizo mambo yameharibika.

Peres aliajiriwa mwaka 1981 akiwa mama wa mtoto mmoja mchanga, Jacklyne, ambaye leo ni muuguzi na yuko nasi hapa. Ofisi wakati huo zilikuwa katikati ya mji, Moi Avenue, na kazi yake ilikuwa kupokea simu. Hakudumu kwenye meza hiyo. Wakubwa walikuwa na tabia ya kumwambia awaambie wapigaji kuwa hawako, na Peres hakuweza kusema uongo hata wa dakika moja. Alikuwa akijibu kwa sauti yake tamu ya kwaya, "Ameniambia niseme hayuko." Mkurugenzi wa wakati huo alivumilia mpaka siku mke wake alipojibiwa hivyo hivyo. Kesho yake Peres alihamishiwa idara ya ardhi, mbali na simu zote.

Idara ya ardhi ndiyo inayotangulia kabla ya nguzo na nyaya kufika. Ndiyo inayokwenda kumwambia mtu kwamba umeme utapita juu ya mahindi yake, na ndiyo inayorushiwa mawe. Peres alipewa laini moja ya kule magharibi ambayo maafisa wawili kabla yake walikuwa wamefukuzwa na mbwa. Alikwenda mara ya kwanza, akasalimia, akarudi. Alikwenda mara ya pili, akala, akarudi. Mara ya tatu ndipo alipofungua mkoba na kusema lililompeleka. Wahandisi walimrukia wakisema anapoteza wakati na mafuta ya gari. Lakini laini ile ilijengwa bila kesi hata moja, na tangu siku hiyo mtindo wa Peres ukawa ndio huo: kusalimia, kula, kusema. Aliwahi kuniambia kwamba mtu hawezi kuomba shamba la mwenzake kabla hajajua chumvi ya mboga yake.

Mlipuko wa bomu wa Agosti 1998 ulipotuvunjia madirisha yote tulihamia hapa Hurlingham. Kwa muda mrefu Peres alikataa kukaa karibu na kioo, na meza yake ikawekwa kwenye ujia, kila mtu akijigonga goti akipita. Hakuna aliyethubutu kumwambia aihamishe. Mumewe alifariki miaka michache baadaye, na wengi wetu tulijua njia ya kwenda kwake mtaa wa Jamhuri kutokana na matanga yale. Nyuma ya nyumba alipanda kunde na mrenda, na kila Jumatatu alituletea mafungu yaliyofungwa kwa uzi wa katani. Ambaye hajawahi kupewa mrenda na Peres ajue ni mgeni katika kampuni hii.

Sasa nifike Mwinjeni, kwa sababu huwezi kuandika habari za Peres ukaruka Mwinjeni, ingawa kuna wakubwa ambao wangependa niruke.

Mwaka 2005 kampuni ilipata kazi kubwa kuliko zote ilizowahi kupata. Benki moja ya Ulaya ilikuwa tayari kufadhili mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo huko Pwani ya kusini, kwenye mgongo wa ardhi unaoitwa Mwinjeni, unaotazama bahari. Tulisimamisha mnara wa kupimia upepo, na upepo haukutuangusha. Jeremy, mwakilishi wa benki, kijana mrefu mwenye adabu, alikuwa akiingia hapa ofisini na michoro ya mitambo iliyo mirefu kuliko jengo lolote la Nairobi. Mimi mwenyewe niliichora ramani ya mahali itakaposimama. Nilijivuna, sifichi. Nchi ilikuwa na mgao wa umeme, na sisi ndio tungeleta dawa.

Tatizo lilikuwa watu. Kwenye mgongo ule ziliishi familia thelathini na kitu, na benki ilikuwa na sharti moja isilotaka kulijadili: haitii sahihi ya mkopo mpaka eneo liwe tupu na limezungushiwa ua. Familia zingehamia bara kidogo, zikae kwenye vyumba vya mabati kwa miezi michache, kisha fedha zikitoka zijengewe nyumba za mawe, kisima na zahanati. Katika mkutano uliofanyika hoteli moja ya katikati ya mji, Peres aliuliza itakuwaje watu wakishahama halafu sahihi isitiwe. Nilikuwepo. Mkurugenzi wetu, Bwana Ndegwa, alicheka na kumwambia kwamba mambo yakifika pale hayarudi nyuma. Jeremy naye alitabasamu, na chai ikaletwa.

Basi akatumwa Peres. Alikwenda, akasalimia, akarudi. Watu wa Mwinjeni walikuwa wakimcheka Kiswahili chake waziwazi, kwamba kimepanda mlima na kushuka mara nyingi mno. Alikwenda akala, na aliyempikia ni Bi Mwanamisi, mjane kama yeye, msusi wa mikeka na mwenye minazi mingi kuliko wote pale. Wakashikana mikono kama dada. Alipokwenda mara ya tatu, Bi Mwanamisi alimuuliza swali lile lile alilouliza yeye hotelini. Peres hakucheka.

"Watu wa benki wakikataa," alimwambia mbele ya watu wote, "mtarudi kwenu. Na neno hilo nitawaletea mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Hamtalisikia kwa mtu mwingine."

Palikuwa na jambo jingine, na hapa naomba msomaji wa bara asikilize, maana ndipo tulipokosea. Pwani, mwenye shamba anaweza kuwa mmoja na mwenye mnazi akawa mwingine. Aliyeupanda, au aliyerithi kwa aliyeupanda, ndiye mwenyewe, na ana haki ya kuingia kuangua nazi zake, shamba liwe limeuzwa mara ngapi. Kwetu sisi wa juu, ukiuza shamba umeuza na kila kinachoota humo. Siku ya kukubaliana, wazee wa Mwinjeni walimuuliza Bwana Ndegwa, aliyekuwa ameshuka kwa ndege asubuhi ile, kuhusu minazi. Akawajibu kwamba minazi ni yao, hakuna shida. Alidhani anafanya adabu tu, kama mtu anayemwambia mgeni ajisikie nyumbani. Wao walielewa kwamba amewaahidi njia. Kwa neno lile na kwa neno la Peres, wakakubali kuiachia kampuni ardhi.

Katikati ya 2007 walizibomoa nyumba wenyewe. Peres alikuwa huko. Alisema waling'oa milango kwa uangalifu, wakaibeba kichwani hadi kwenye vyumba vya mabati, ambako haikuenea popote, wakaiegemeza ukutani. Ua wa seng'enge ukazungushwa, lango likatiwa kufuli. Kwa kuwa minazi michache tu ndiyo iliyokuwa kwenye njia ya mitambo, mingine yote ilibaki imesimama ndani.

Yaliyofuata kila mmoja anayajua. Uchaguzi ukaja, nchi ikawaka moto, na Jeremy akaondoka Januari 2008 akisema atarudi mambo yakitulia. Mambo yalipotulia huku, yalikuwa yameanza kuharibika kwao. Mabenki makubwa ya dunia yakaanza kuanguka, na kabla ya Krismasi benki yetu ikatuarifu kwamba imejiondoa. Upepo wa Mwinjeni unaendelea kuvuma mpaka leo bila kumfaa mtu yeyote. Mnara wa kupimia uliteremshwa na kuletwa hapa kwa lori, na vipande vyake vimelala nyuma ya stoo.

Peres aliomba ruhusa ya kwenda Mwinjeni siku ile ile. Alinyimwa. Aliambiwa hakuna mtu kusema lolote mpaka bodi ikae, na bodi haikukaa. Kila Jumatatu alikuwa akibisha kwa Bwana Ndegwa, na kila Jumatatu alirudi kwenye meza yake akiwa amekonda kidogo. Aliacha kuimba kwaya. Mafungu ya mrenda yalikoma, na hakuna aliyeuliza kwa nini, kwa kuwa sote tulijua.

Mwezi Machi mwaka huu watu wa Mwinjeni walichoka kungoja, maana habari walikuwa wameshazisikia kwenye redio. Asubuhi moja tukamkuta Bi Mwanamisi kwenye lango letu, amejifunga leso mbili kwa baridi, na wanaume wawili wa kwao. Bawabu alikuwa amewakatalia kuingia kwa sababu hawakuwa na miadi. Peres alitoka ujiani kwake akakimbia. Nilimwona akisimama mbele ya yule mama, akalia palepale, mtu wa umri wake, mbele ya wateja. Bi Mwanamisi ndiye aliyemfuta machozi kwa ncha ya leso.

Aliwachukua hadi Jamhuri. Alinunua jogoo hai karibu na maduka ya Adams Arcade, na mmoja wa wale wanaume akamchinja mwenyewe uani, kati ya kunde, ili waweze kumla bila wasiwasi. Nilialikwa. Kwa kina Peres firigisi ni ya mwenye heshima kuliko wote mezani, na kwa kawaida ni mwanamume. Peres aliiweka kwenye sahani ya Bi Mwanamisi. Yule mama, asiyejua uzito wa kitu alichopewa, aliikata vipande akatugawia sote, mimi pia. Ni jambo pekee lililotuchekesha siku ile. Kisha akasema kilichowaleta.

"Peres dada, hatukuja kudai nyumba. Nyumba twalizivunja kwa mikono yetu. Sisi twataka kuingia tuangue nazi zetu. Zaanguka zenyewe, zaoza, na sisi twaziona kwenye waya. Kule mabatini hakuna kitu."

Kesho yake Bwana Ndegwa aliwapokea vizuri, nisimsingizie. Walipewa chai na mandazi katika chumba cha bodi. Aliwaeleza kwamba ardhi sasa ni mali ya kampuni, kwamba kuna bima, kwamba mtu akianguka kutoka kwenye mnazi ndani ya ua kampuni itashtakiwa. Walipomkumbusha alichokisema kuhusu minazi alishangaa kwa dhati, naamini hakuwa akijifanya.

"Lakini mama, miti haiwezi kuwa ya mtu mwingine na shamba ni ya mwingine," alisema. "Hata huko kwetu Limuru hakuna kitu kama hiyo."

"Limuru ni kwenu, baba," Bi Mwanamisi akamjibu. "Kule ni kwetu."

Wakarudi Pwani jioni hiyo. Peres aliwasindikiza hadi kituo cha basi, na akawapa ahadi nyingine: kabla hajastaafu, lango lile litafunguliwa. Nilimwambia baadaye kwamba amejitia kitanzi. Akaniuliza kama nilikuwa na kitanzi kingine cha kumshauri.

Kampuni yetu ina desturi ambayo waasisi walituachia. Mstaafu huomba kitu kimoja cha kampuni, chochote anachokitaka moyoni, na mkurugenzi humpa. Hakuna aliyewahi kunyimwa. Dereva wetu Muchiri aliomba usukani wa Land Rover ya kwanza, na ameutundika sebuleni kwake kama picha ya arusi. Wamucii wa uhasibu aliomba mparachichi ulio kwenye maegesho yetu. Akapewa, na Bwana Ndegwa mwenyewe ndiye aliyempa. Kila mwaka Wamucii huja na gunia, bawabu akamfungulia, akachuma parachichi zake juu ya ardhi ya kampuni, akaenda zake. Hakuna anayeuliza habari za bima. Nilipomkumbusha Peres mparachichi huo mwezi uliopita, aliinuka akaenda kuandika ombi lake.

Aliomba kufuli la lango la Mwinjeni, na ufunguo wake.

Tulingoja. Jumatatu wiki hii jibu lilitoka, na jibu lilikuwa ndiyo. Bwana Ndegwa alimpa mkono ujiani, mbele ya wote, na kumwambia kwamba baada ya miaka yote hii hawezi kumnyima kitu kidogo hivyo. Peres aliimba. Aliimba sehemu yake ya sauti ya pili, peke yake, kutoka meza yake mpaka jikoni na kurudi, na watu wakatoka vyumbani kuangalia. Mchana alitununulia sote chapati na ndengu. Niliandika nusu ya kwanza ya wasifu huu jioni ile ile, na ilikuwa inachangamsha kweli. Nimeifuta karibu yote.

Kufuli lililetwa Jumatano na dereva aliyetumwa kulichukua. Lilikuwa kwenye sanduku dogo, limefungwa kwa karatasi ya zawadi, limepakwa mafuta, zuri. Dereva, mtu asiyejua kitu, ndiye aliyetoa habari alipokuwa akinywa chai. Alisema hakupata shida kulifungua kwa sababu lango lenyewe lilikuwa limelala chini. Wenye ardhi wapya, watu wa hoteli waliouziwa mwezi Oktoba, walikuwa wameweka lango lao la chuma na askari wao. Alisema pia kwamba alikuta misumeno ikifanya kazi. Wageni wa hoteli watataka kuiona bahari, na minazi inaziba.

Nilitaka kuandika kwamba Bwana Ndegwa hakujua. Nilikwenda kumuuliza ili niandike haki. Aliniambia kwamba Peres aliomba kufuli na amepewa kufuli, na kwamba sherehe ya Ijumaa si mahali pa mambo ya biashara. Kwa kuwa mhariri wa jarida hili ni mimi mwenyewe, nimeyaandika kama alivyoyasema.

Peres hakupiga kelele. Aliliacha sanduku juu ya meza, akakunja sweta lake, akampigia Jacklyne simu. Kisha akaja chumba cha ramani akaniambia kwamba safari hii watu wa Mwinjeni hawatasikia kwa redio.

"Niliwaambia nitawapelekea neno kwa mdomo wangu," alisema. "Mara ya kwanza nilisubiri ruhusa. Sasa niko na siku mbili za kazi zimebaki, wacha wanifute."

Ameondoka jana asubuhi. Kwa hivyo wageni waalikwa wasimtafute kwenye kiti cha mbele, hayuko Nairobi, na mimi sijaambiwa niseme hayuko. Wakati keki inakatwa hapa, yeye atakuwa ameketi mbele ya vyumba vya mabati, kati ya ile milango iliyoegemezwa ukutani, akiwaambia watu aliowatoa kwao kwamba hawana pa kurudi. Hakuna aliyemtuma. Hakuna mwingine katika kampuni hii ambaye angekwenda, na najihesabu humo.

Sherehe itaendelea kama ilivyopangwa. Hotuba ya mkurugenzi ni saa tisa, na zawadi itapokelewa na Jacklyne kwa niaba ya mamake. Kamati inawashukuru waliochanga.

Peres, tumekula mrenda wako, tumekula jogoo wako, na kwa miaka mingi tumekula heshima uliyotutafutia mashambani mwa watu. Asante. Pumzika kama utaweza, rudi kwenye kwaya yako, na maisha yako yaliyobaki yawe mema. Tungewatakia vivyo hivyo na Bi Mwanamisi na watu wa Mwinjeni, lakini hayo maisha mema walikuwa nayo kabla sisi hatujafika.